Moshi Hauna Mipaka: Kwa Nini Watu Huvuta Tumbaku, na Je, Ni Haki Kuwakataza Hadharani?



Somo letu la afya mwezi huu linahusu uvutaji wa tumbaku. Ni jambo tulilolizoea. Tunamwona babu na kiko chake barazani, mvuvi akiwasha sigara kabla ya kusukuma mtumbwi majini, kijana akivuta kilabuni baada ya kuuza kahawa, na bibi akinusa ugoro wake. Kwa kuwa tumelizoea, hatuulizani maswali. Leo tujiulize mawili. Kwanza, kwa nini watu huvuta, na kwa nini kuacha ni kazi ngumu? Pili, je, ni haki kwa serikali, parokia au familia kumkataza mtu asivute mbele za wengine?

Maswali haya mawili yanakwenda pamoja. Mtu asiyeelewa kwa nini mwenzake anavuta atamhukumu bila huruma. Na mtu anayemhurumia mvutaji peke yake atamsahau mtoto anayekohoa pembeni yake.

TUMBAKU INA NINI NDANI YAKE?

Tumbaku asili yake ni bara la Amerika. Ilifika kwetu kwa njia ya wafanyabiashara na mabaharia, kisha ikaota mizizi. Hapa Ruvuma tunaijua vizuri, kwani jirani zetu wa Songea na Namtumbo wameilima tangu wakati wa ukoloni. Ushirika wa Ngoni-Matengo, ulioanzishwa mwaka 1936, ulisimama kwa zao hilo.

Ndani ya jani la tumbaku mna sumu iitwayo nikotini. Hiyo ndiyo inayomfanya mtu aitamani tumbaku tena na tena. Jani likiungua, hutoa moshi wenye kemikali zaidi ya 7,000, na kati ya hizo zipatazo 70 zinajulikana kuleta kansa. Mna pia lami, ambayo hunata kwenye mapafu kama masizi yanavyonata kwenye dari la jikoni. Tena mna gesi ya kaboni monoksidi, ambayo ndiyo ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Katika sigara gesi hiyo ni kidogo, haimwui mtu usiku mmoja, lakini huipunguzia damu uwezo wa kubeba hewa safi siku zote.

Wengine husema, "Mimi sivuti sigara ya kiwandani, nasokota tumbaku yangu ya shambani kwa karatasi ya gazeti. Haina dawa." Hilo ni kosa. Sumu hizi hutokana na jani lenyewe na kuungua kwake. Msokoto hauna hata kichungi, na karatasi ya gazeti ikiungua huongeza moshi wake. Na ugoro, ingawa haumtoleshi jirani moshi, una nikotini ileile, na unaweza kuleta kansa ya kinywa kwa wanaouweka mdomoni.

KWA NINI WATU HUVUTA?

Mvutaji si mjinga. Ana sababu zake, na tukitaka kumsaidia lazima tuzijue.

1. Kuiga na kutaka kuonekana mtu mzima. Wavutaji wengi walianza wakiwa vijana. Mtoto anatumwa dukani kumnunulia baba sigara, anatumwa tena jikoni kuiwasha kwa kijinga cha moto, na anapoiwasha anavuta pumzi moja. Huo ndio mwanzo. Tunajenga mazoea kwa mikono yetu, kisha tunashangaa.

2. Kazi na mazingira. Mvuvi wa usipa hukesha ziwani usiku kucha. Ana usingizi, ana njaa, na upepo unampiga. Nikotini huondoa usingizi kwa muda na hupunguza hamu ya chakula. Vivyo hivyo mlinzi wa usiku na dereva wa safari ndefu.

3. Baridi. Huko milimani Umatengo, katika miezi ya Juni na Julai, wengi husema sigara inapasha mwili joto. Ukweli ni kinyume chake. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, hivyo vidole vya mikono na miguu hupata damu kidogo na kuzidi kupoa. Joto unalolisikia ni la moshi mdomoni tu.

4. Mawazo na huzuni. Mtu aliyefiwa, aliyekosa ada ya watoto, au ambaye kahawa yake imeshuka bei, hutafuta kitu cha kumtuliza.

5. Urafiki. Kumpa mwenzako sigara ni ukarimu, na kuikataa huonekana kama dharau. Katika misiba na vilabuni sigara moja huzunguka kwa watu watatu au wanne.

Hizo ni sababu za kuanza. Sababu ya kuendelea ni moja kubwa zaidi: nikotini imekwisha kumfunga. Mtu akivuta, nikotini hufika kwenye ubongo kwa muda wa kama sekunde 10. Huko huufanya ubongo utoe kemikali inayoleta hali ya kuridhika. Lakini hali hiyo haidumu. Kwa muda wa kama saa mbili, nusu ya nikotini imekwisha kutoka katika damu, na mwili huanza kudai. Mvutaji hukasirika upesi, mikono haitulii, mawazo hayakai pamoja. Akiwasha nyingine, anatulia, naye anasema, "Mnaona? Sigara inaniondolea mawazo." Kumbe sigara ile ya pili imeondoa taabu iliyoletwa na ile ya kwanza! Ni kama mtu aliyevaa viatu vinavyobana ili apate raha ya kuvivua.

Wahenga walisema mazoea yana taabu. Basi tusimwambie mvutaji kwamba anakosa akili au imani. Amefungwa, na anayefungwa huhitaji kufunguliwa, siyo kutukanwa.

MADHARA KWA MVUTAJI MWENYEWE

Mwaka 1950 watafiti wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walionyesha jinsi kansa ya mapafu ilivyofuatana na uvutaji wa sigara. Tangu hapo ushahidi umeongezeka mno. Tumbaku huleta kansa ya mapafu, koo, kinywa na kibofu cha mkojo. Huleta ugonjwa wa moyo na kiharusi. Huziba njia za hewa hata mtu ashindwe kupanda mlima aliokuwa akiupanda na gunia la kahawa. Humwongezea mtu hatari ya kuugua kifua kikuu na kufa kwa ugonjwa huo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba tumbaku inaweza kuua hadi nusu ya watumiaji wake wasioacha.

Haya ni mambo mazito. Lakini kama madhara yangekomea kwa mvutaji, tungemshauri na kumwombea, na pengine tungeishia hapo. Tatizo ni kwamba hayakomei kwake.

MOSHI WA MWENZAKO

Sigara hutoa moshi kwa njia mbili: ule ambao mvutaji anautoa kinywani, na ule unaotoka kwenye ncha inayoungua. Huu wa pili haukupita kwenye kichungi chochote. Wote waliomo chumbani huuvuta, wapende wasipende.

Mwaka 1981 daktari Mjapani, Takeshi Hirayama, alitoa matokeo ya uchunguzi wa miaka mingi juu ya wanawake wasiovuta. Wale walioolewa na wavutaji wakubwa walikufa kwa kansa ya mapafu zaidi kuliko wale walioolewa na waume wasiovuta. Wanawake hao hawakushika sigara hata siku moja. Walikaa tu nyumbani mwao.

Watoto ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu mapafu yao ni madogo na wanapumua haraka. Mtoto anayeishi na moshi wa tumbaku hupata zaidi kichomi, pumu na maumivu ya masikio. Mama mjamzito anayevuta, au anayekaa katika moshi, anaweza kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Ulimwenguni tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na kati yao zaidi ya milioni moja ni watu wasiovuta.

Sasa tuangalie nchi yetu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba watu wazima kama milioni 2.6 walikuwa wakitumia tumbaku, yaani 8.7 kwa mia. Kwa wanaume ilikuwa 14.6 kwa mia, kwa wanawake 3.2. Maana yake ni kwamba watu wazima zaidi ya tisa katika kumi hawatumii tumbaku. Lakini ndani ya basi linaloteremka kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay, mvutaji mmoja anatosha kuwavutisha abiria wote.

JE, NI HAKI KUKATAZA?

Makatazo ya kuvuta hadharani si jambo jipya, hata katika Kanisa. Mwaka 1642 Papa Urbano wa VIII alikataza matumizi ya tumbaku ndani ya makanisa ya jimbo la Seville, Hispania, kwa kulinda heshima ya ibada. Katika siku zetu, mwaka 2002, chini ya Papa Yohane Paulo wa II, Vatikano ilikataza kuvuta katika sehemu za umma na za kazi, na kuweka faini. Mwaka 2017 Papa Fransisko aliamua kwamba Vatikano isiuze tena sigara kuanzia 2018, kwa sababu Kanisa haliwezi kushiriki katika jambo linaloharibu afya za watu, ingawa biashara hiyo ilikuwa ikiingiza fedha. Katekisimu nayo, katika namba 2290, inataja tumbaku pamoja na chakula na pombe inapofundisha juu ya fadhila ya kiasi.

Nchini kwetu, Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku ilitungwa mwaka 2003. Inakataza kuvuta katika maeneo kadhaa ya umma, kama vile hospitali na vyombo vya usafiri, na inakataza kumwuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18. Mwaka 2007 Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku. Sheria hiyo ya 2003 ina tundu: iliruhusu kutengwa sehemu za wavutaji ndani ya majengo. Wataalamu wamekwisha kuonyesha kwamba moshi hautengeki. Hutoka chumba hadi chumba. Jirani zetu wa Uganda waliliona hilo. Mwaka 2002 Mahakama Kuu yao ilitamka kwamba kuvuta hadharani kunavunja haki ya wengine ya uhai na ya mazingira safi. Mwaka 2015 walitunga sheria inayokataza kuvuta mahali pa umma, na hata ndani ya mita 50 kutoka hapo.

Hata hivyo wako wanaopinga, na hoja zao zinastahili kujibiwa.

Hoja ya kwanza: "Mwili ni wangu, fedha ni zangu." Ni kweli kila mtu ana uhuru, ingawa Mtume Paulo anatukumbusha katika 1 Wakorintho 6 kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Lakini katazo la hadharani halimwambii mtu asivute kabisa. Linamwambia asivute mahali ambapo mwingine analazimika kupumua moshi wake. Uhuru wa kurusha jiwe unakoma pale kichwa cha jirani kinapoanzia.

Hoja ya pili: "Asiyependa moshi aondoke." Aende wapi? Abiria wa boti aliye katikati ya ziwa hawezi kushuka. Mhudumu wa kilabu hawezi kuacha kazi yake. Mtoto mchanga mgongoni mwa mama hawezi kujisogeza.

Hoja ya tatu: "Mbona jikoni mna moshi wa kuni kutwa nzima, na hamsemi?" Hoja hii ni nzito, na wanaume wanaoitoa wamesema ukweli kuliko wanavyodhani. Moshi wa kuni huleta kichomi kwa watoto na maradhi ya kifua kwa akina mama. Unapaswa kupunguzwa kwa majiko bora, dirisha kubwa na kuni zilizokauka vizuri. Lakini bila moto familia haili. Bila sigara familia inakula vizuri zaidi. Ubaya mmoja hauhalalishi mwingine. Mama ambaye mapafu yake yamekwisha kuchoka kwa moshi wa figa asiongezewe moshi wa tumbaku chumbani.

Hoja ya nne: "Mtawaua njaa wakulima wa tumbaku." Mkulima wa Namtumbo ni ndugu yetu, na watoto wake nao wanataka ada. Lakini sehemu kubwa ya tumbaku ya Tanzania huuzwa nchi za nje. Mtu akizima sigara ndani ya basi la Mbinga, bei ya mkulima haibadiliki. Suala la mkulima kupata zao lingine la kumwingizia fedha ni la kweli, nalo lishughulikiwe kwa upande wake, hasa tukikumbuka kuni nyingi zinazokatwa kukaushia tumbaku, na kwamba wanaochuma majani mabichi yenye umande huweza kuugua kizunguzungu na kutapika kwa nikotini inayopenya kwenye ngozi.

Hoja ya tano: "Makatazo hayasaidii." Yanasaidia yakifuatwa. Scotland ilikataza kuvuta ndani ya majengo ya umma mwaka 2006. Katika hospitali tisa zilizochunguzwa, wagonjwa waliolazwa kwa mishtuko ya moyo walipungua kwa 17 kwa mia katika mwaka uliofuata, na sehemu kubwa ya waliookoka ni watu wasiovuta. Watoto waliolazwa kwa pumu nao walipungua. Watu waliogopa kwamba wavutaji watahamishia moshi nyumbani kwa watoto. Haikuwa hivyo.

Basi jibu letu ni hili: ndiyo, ni haki kukataza uvutaji mahali watu wanapokaa pamoja. Linalokatazwa ni moshi; mtu hakatazwi wala hafukuzwi. Lakini katazo liwe la haki. Lisiwe njia ya kumdhalilisha mzee au kumtoza maskini fedha za mfukoni, huku mkubwa akivuta ofisini bila kuguswa. Lianze na sisi viongozi: mapadre, makatekista, walimu na wenyeviti.

TUFANYE NINI KATIKA FAMILIA NA PAROKIA?

1. Nyumba isiyo na moshi. Mvutaji atoke nje, mbali na mlango na dirisha. Kuvuta dirishani hakutoshi. Hata kama mtoto hayumo chumbani, moshi hubaki kwenye blanketi.

2. Mtoto asitumwe sigara. Wala kununua, wala kuwasha. Mwenye duka asimwuzie. Samaki mkunje angali mbichi.

3. Maeneo ya parokia. Kamati ya afya ikubaliane kwamba ndani ya kanisa, ukumbi, zahanati, shule na gari la parokia hakuna kuvuta. Wekeni mahali pa wazi, penye benchi, kwa ajili ya wazee wanaovuta. Kwenye misiba vivyo hivyo: ndani kwa wafiwa pasiwe na moshi.

4. Kusema kwa heshima. Vijana wetu huogopa kuwakosea wazee. Inawezekana kusema hivi: "Shikamoo babu. Mtoto ana kifua, tunaomba tukutolee kiti chako hapo chini ya mwembe." Kiti kikitangulia, neno halitaumiza.

5. Kumsaidia anayetaka kuacha. Achague siku, aitangaze kwa mkewe au rafiki. Siku tatu za kwanza ndizo ngumu zaidi. Baada ya wiki mbili hadi nne taabu ya mwili hupungua sana. Hamu ikija, asubiri dakika kumi, anywe maji, atafune karanga, ashike kazi ya mikono. Akae mbali na kilabu kwa muda. Akianguka, aanze tena. Wengi walioacha hawakufaulu mara ya kwanza. Familia imvumilie hasira zake za siku chache.

Faida huanza mapema. Baada ya dakika 20 mapigo ya moyo huanza kushuka. Baada ya mwaka mmoja hatari ya ugonjwa wa moyo inakuwa kama nusu ya ile ya mvutaji. Baada ya miaka 10 hatari ya kufa kwa kansa ya mapafu hushuka kufikia karibu nusu. Na mfuko nao hupona: mwenye kuvuta sigara tano kwa siku huvuta 1,825 kwa mwaka. Zidisha kwa bei ya dukani kwako, kisha linganisha na madaftari na sare za watoto.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Katika jumuiya yetu, ni mahali gani watoto hupumua moshi wa tumbaku zaidi? Nani anaweza kulibadili jambo hilo?

2. Tunawezaje kumheshimu mzee anayevuta, na wakati huohuo kumlinda mjukuu wake?

3. Wavuvi na walinzi wa usiku wafanye nini badala ya sigara ili kushinda usingizi na njaa? Nani atawapelekea uji au chai ya moto?

4. Je, yupo kati yetu aliyekwisha kuacha? Atueleze alivyofanya.

Wapendwa wasomaji, hewa ni zawadi ambayo Mungu ameitoa bila kumgawia mtu mmoja peke yake. Anayewasha sigara penye watu huitumia sehemu ya wengine bila kuwauliza. Tuanze na vyumba vyetu wenyewe, usiku wa leo, kabla watoto hawajalala.